Kovu la Kiwiko: Dodgers, Madaktari Wao na Mashabiki Wao

Upo mkanda wa televisheni wa Oktoba 15, 1988 ambao wapenzi wa besiboli wa Los Angeles wameutazama mpaka wameukariri. Mpira unapaa kuelekea ukuta wa kulia wa Uwanja wa Dodgers, watu jukwaani wamenyanyua mikono, na nyuma yao, kule juu penye maegesho, zinawaka taa nyekundu za magari yanayotoka. Hao nao ni mashabiki wa Dodgers. Wamelipa kiingilio cha fainali za World Series, timu yao iko nyuma 4–3 dhidi ya Oakland, amebaki mchezaji mmoja tu wa kutolewa mechi iishe, nao wameona heri wawahi barabara kuu kabla ya foleni.

Aliyeupiga mpira huo hakutarajiwa kuingia uwanjani kabisa. Kirk Gibson alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja la kushoto na goti la kulia. Hata kutembea kulimpa taabu. Karibu mechi nzima alikuwa ndani, katika chumba cha matibabu, na barafu yake, akifuatilia mchezo kwenye televisheni. Mtangazaji Vin Scully alipotamka hewani kwamba Gibson hata benchi hayupo na kwamba hatacheza, mwenyewe akanyanyuka. Akamwomba kijana wa chumba cha kubadilishia nguo amtegee mipira ya kupimia mkono, kisha akamtuma kwa kocha Tommy Lasorda kumjulisha kwamba yuko tayari kupiga. Akaingia akichechemea. Akapiga kwa nguvu ya mikono, maana miguu haikuwa na cha kuchangia, mpira ukavuka ukuta, Dodgers wakashinda 5–4. Hakupiga tena katika fainali zile, na klabu ilibeba ubingwa kwa mechi tano. Kiti cha jukwaani ulikoangukia mpira, safu D namba 88, kimepakwa rangi ya buluu na kutiwa saini na Gibson mwenyewe.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na ni kweli. Lakini mimi naona ndani yake mambo mawili yaliyoijenga klabu hii, ambayo kwa kawaida huandikwa katika kurasa tofauti za gazeti: chumba cha matibabu, na tabia za watu wa jukwaani. Klabu nyingi zina makombe. Dodgers wana makombe, na wana pia jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya besiboli iliyoipatia dunia: upasuaji wa kiwiko uliobadilisha maisha ya wanamichezo wengi, na ambao leo unaanza kuwageukia watoto.

Msomaji asiyeujua mchezo huu aanze na mtu mmoja: mrushaji. Husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, juu ya kichuguu cha udongo, na kazi yake ni kurusha mpira mgumu ambao mpigaji hataweza kuupiga vizuri. Warushaji wa leo hupita kilomita 150 kwa saa bila shida. Mkono unapochomoka nyuma ya kichwa kwenda mbele, uzito wote wa mwendo huo huvuta upande wa ndani wa kiwiko, mahali penye kano fupi linalofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha. Kano hilo ni kama kamba ya kisima inayosuguliwa ukingoni kila siku: siku ikikatika, si ndoo ya siku hiyo iliyoikata.

Kabla ya 1974, likikatika, kazi imekwisha. Warushaji waliambiwa mkono umekufa, wakarudi mashambani au wakaanza kuuza bima.

Dodgers walilijua jambo la kiwiko kuliko klabu nyingi, kwa sababu kiwiko kilikuwa kimewanyang'anya mchezaji bora kuliko wote. Sandy Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyezaliwa Brooklyn, alitwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mara tatu: 1963, 1965 na 1966. Huo mwaka wa mwisho alishinda mechi 27. Nyuma ya namba hizo kulikuwa na maumivu ya baridi yabisi ya kiwiko, sindano za kotisoni, vidonge vya kutuliza uvimbe, dawa ya kuchua yenye ukali wa pilipili iliyowatoa machozi wachezaji wenzake, na baada ya kila mechi mkono kuzamishwa katika barafu. Novemba 1966 aliitisha waandishi wa habari akatangaza kwamba anaacha. Alikuwa na miaka 30. Hakutaka kuishi miaka iliyobaki na mkono usioweza kufanya kazi ya kawaida, na ni vigumu kusema alikosea.

Daktari aliyemhudumia Koufax, Robert Kerlan, naye alikuwa mgonjwa wa viungo. Alianza na timu ilipohamia Los Angeles kutoka Brooklyn mwaka 1958, na ugonjwa wa uti wa mgongo ulimpindisha polepole mpaka akatembea kwa magongo. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa unakakamaa ndiye aliyekuwa akiwanyoosha vijana wenye afya kuliko wote mjini. Katikati ya miaka ya 1960 alishirikiana na daktari mwenzake, Frank Jobe, wakafungua kliniki ambayo hadi leo ina majina yao mawili. Ugonjwa ulipozidi kumbana Kerlan, majukumu ya timu yakamwangukia Jobe.

Jobe hakuwa mtu wa makeke. Alizaliwa North Carolina mwaka 1925, akaingia vitani akiwa kijana katika kitengo cha vifaa vya tiba cha askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, kikosi kilichozingirwa Bastogne mwishoni mwa 1944. Aliwaona madaktari wakipasua majeruhi mahali ambapo hapakuwa na nafasi wala vifaa, na hapo ndipo alipopata wazo la kusomea udaktari.

Julai 17, 1974, Dodgers walikuwa nyumbani wakicheza na Montreal. Mrushaji wao Tommy John, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa na msimu mzuri kuliko yote aliyowahi kucheza: ushindi 13, vipigo 3. Akarusha mpira mmoja, mkono ukakosa nguvu ghafla. Akarusha mwingine, ukaenda usikojulikana. Akatoka mwenyewe uwanjani kumtafuta Jobe. Walijaribu mapumziko kwa wiki kadhaa, lakini kano lililokatika haliungwi na mapumziko.

Wazo la Jobe lilitoka nje ya michezo. Madaktari wa mikono walikuwa wakihamisha nyuzi za misuli kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, hasa kwa watu waliolemazwa na polio. Jobe akajiuliza kama uzi wa namna hiyo ungeweza kukaa mahali pa kano. Akamwita bingwa wa upasuaji wa mikono, Herbert Stark, amsaidie. Kisha akamweleza John ukweli: asipopasuliwa hatarusha tena, akipasuliwa, nafasi ya kurudi ni 1 kati ya 100. John akakubali.

Mnamo Septemba 25, 1974, Jobe alitoboa matundu katika mifupa miwili ya kiwiko cha kushoto, akachukua uzi mwembamba kutoka kigasha cha mkono wa kulia, akaupitisha katika matundu hayo kwa umbo la namba nane. Msomaji anaweza kuutafuta uzi huo mkononi mwake sasa hivi: gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, kunja kiganja kuelekea kwako, na uangalie kamba itakayojitokeza katikati ya kifundo. Usiogope ukikosa. Wapo watu waliozaliwa bila huo uzi na hawajawahi kuuhitaji, ndiyo maana daktari anaweza kuuchukua na mwenyewe asipungukiwe.

Mwanzoni mambo yalikwenda vibaya. Mshipa wa fahamu ulibanwa, vidole vya John vikafa ganzi, kiganja kikajikunja, na Desemba ilibidi arudishwe tena chumba cha upasuaji. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alifanya mazoezi na mtabibu wa timu Bill Buhler, na mchezaji mwenzake Mike Marshall, msomi wa elimu ya mwendo wa mwili, alimfundisha namna ya kurusha isiyouumiza mkono. Aprili 1976 akarudi. Mwaka 1977 akashinda mechi 20. Aliendelea kurusha hadi 1989, akiwa na miaka 46. Kati ya ushindi wake 288, ushindi 164 ulikuja baada ya kisu. Jobe, kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuwa vitani, alisubiri karibu miaka miwili kabla ya kumfanyia mtu wa pili, apate kwanza hakika kwamba wa kwanza hakuwa bahati. Jina la kitaalamu la upasuaji huo lilikuwa refu mno, kwa hiyo yeye mwenyewe akaanza kuuita wa Tommy John, na dunia ikamfuata.

Buhler anastahili aya yake, maana watu wa aina yake hawapewi sanamu. Septemba 1976, huko San Diego, gongo la mchezaji mmoja lilipasuka na kipande chake kikamchoma shingoni mdakaji Steve Yeager aliyekuwa akisubiri zamu yake. Madaktari walimtoa vijiti tisa, baadhi karibu kabisa na koo la chakula. Yeager alipopona, Buhler alikata kipande cha kinga akakining'iniza chini ya barakoa ya mdakaji, kikalinda koo. Kifaa hicho kilienea katika mchezo mzima, hata ligi za watoto, na watoto wanaokivaa hawajui kilitoka kwenye meza ya mtu wa bandeji.

Sasa twende jukwaani.

Dodgers walipofika Los Angeles hawakuwa na uwanja wao. Walicheza misimu minne katika Memorial Coliseum, uwanja wa riadha uliotumika kwa Olimpiki ya 1932, mkubwa kupita kiasi kwa besiboli. Aliyekaa juu aliwaona wachezaji kama sisimizi. Kwa hiyo watu wakaja na redio za mkononi, wakamsikiliza Scully akiwasimulia mechi iliyokuwa mbele ya macho yao. Wazee wetu waliokuwa wakienda mpirani na redio sikioni wataielewa raha hiyo: macho yanaona, lakini mpaka mtangazaji aseme. Redio zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1960 Scully aligundua siku hiyo ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mwamuzi Frank Secory, akawahesabia wasikilizaji moja, mbili, tatu, na uwanja mzima ukampongeza mwamuzi kwa sauti moja. Mwamuzi kupongezwa na jukwaa! Scully aliitangaza klabu hiyo kwa misimu 67, mpaka 2016, na alifariki Agosti 2022.

Lakini ibada kubwa ya kwanza ya mashabiki hao ilikuwa ya mgonjwa. Roy Campanella, mdakaji mahiri wa Dodgers wa Brooklyn na mmoja wa Wamarekani weusi wa mwanzo kuruhusiwa katika ligi kuu, alipata ajali ya gari Januari 1958, akapooza. Hakuwahi kuchezea Los Angeles hata mechi moja. Hata hivyo, Mei 7, 1959, klabu iliandaa mechi ya kumchangia dhidi ya Yankees, wakaja watu 93,103. Taa zikazimwa, Campanella akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi katikati, na kila mtu jukwaani akawasha njiti ya kiberiti au kiwashio. Watu wa mji ambao haukuwahi kumuona akicheza walimheshimu kwa alichokipoteza.

Uwanja wa sasa ulifunguliwa Aprili 10, 1962, kwenye vilima vya Chavez Ravine. Una viti 56,000, na katika ligi nzima ni viwanja viwili tu vinavyouzidi umri, kile cha Boston na kile cha Chicago. Ardhi yake ina historia chungu: familia za asili ya Meksiko ziliondolewa hapo kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, na Mei 1959 wa mwisho walitolewa nje kwa kubebwa mbele ya kamera. Kwa miaka mingi jamii hiyo iliususia uwanja.

Tabia nyingine za jukwaa hilo ni za kuchekesha tu. Wanakuja awamu ya tatu, wanaondoka awamu ya saba, na ukiwauliza watailaumu foleni. Wanakula soseji ndefu ndani ya mkate inayoitwa Dodger Dog, iliyoanza pamoja na uwanja. Muuza karanga Roger Owens alijulikana nchi nzima kwa kurusha pakiti kupitia nyuma ya mgongo wake na kumfikia mteja safu nyingi mbali, na utani wa zamani ni kwamba huyo ndiye mrushaji pekee wa pale ambaye mkono wake haukupata kulalamika. Siku za kugawa vikaragosi vinavyotikisa kichwa, foleni huanza saa nyingi kabla ya milango kufunguliwa; hapo ndipo unapogundua kwamba watu wa Los Angeles wanaweza kuwahi wakitaka.

Kususiwa kwa uwanja kulikwisha mwaka 1981, na kulikwisha kwa sababu ya jeraha. Jerry Reuss, aliyepangwa kurusha mechi ya ufunguzi, aliumia msuli wa mguu. Akapewa nafasi kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Etchohuaquila, jimbo la Sonora, Meksiko: Fernando Valenzuela. Alishinda 2–0, na huo ukawa ushindi wa kwanza kati ya mechi nane alizoshinda mfululizo, tano kati ya hizo bila mpinzani kupata hata pointi. Wazee walioapa kutokanyaga pale wakaja na wajukuu. Redio ya Kihispania ya mtangazaji Jaime Jarrín ikawa na wasikilizaji pande zote mbili za mpaka. Mwaka huo Valenzuela alitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora na Cy Young kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya mpaka leo.

Hapa ndipo ninapowakwaruza mashabiki kidogo. Katika mechi ya tatu ya fainali za 1981 Valenzuela alirusha mipira karibu 150, akiwa hana siku yake nzuri, na Lasorda akamwacha amalize. Jukwaa lililipuka kwa furaha. Ni usiku mmojawapo unaopendwa sana katika historia ya klabu. Mwaka 1986 alimaliza mechi 20 mwenyewe bila kusaidiwa. Mwaka 1988, klabu ilipobeba ule ubingwa wa Gibson, bega lake lilikuwa limechoka na hakuwamo katika kikosi cha fainali. Machi 1991 klabu ilimwacha. Alikuwa na miaka 30, umri uleule wa Koufax. Hakuna aliyemlazimisha mtu. Mchezaji alitaka, kocha alitaka, watu walitaka. Katika hali hiyo daktari wa timu ndiye pekee ambaye kazi yake ni kutotaka, na huyo analipwa na klabu. Utata huo upo katika michezo yote, na Marekani una nyongeza: zipo hospitali zinazoilipa klabu ili ziitwe daktari wake rasmi.

Valenzuela alifariki Oktoba 22, 2024, siku tatu kabla ya fainali dhidi ya Yankees. Watu waliweka maua, mishumaa na jezi namba 34 kwenye lango la uwanja. Fainali hizo zilikuwa za chumba cha matibabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Freddie Freeman alikuwa ameteguka kifundo cha mguu mwishoni mwa Septemba na alitibiwa kwa saa nyingi kila siku ili aweze kusimama. Mechi ya kwanza, awamu ya kumi, alipiga mpira ukavuka ukuta uleule wa kulia, wachezaji watatu wakiwa njiani, na mechi ikaisha papo hapo. Lilikuwa pigo la kwanza la aina hiyo katika historia ya fainali. Aliyerusha awamu ya mwisho ya mechi ya mwisho, Oktoba 30, alikuwa Walker Buehler, aliyefanyiwa upasuaji wa Tommy John mwaka 2015 na tena mwaka 2022. Pia Shohei Ohtani, Mjapani aliyesaini mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, hakurusha hata mpira mmoja msimu huo kwa sababu alikuwa akiuguza kiwiko. Aliyekipasua, mwaka 2018 na tena Septemba 2023, ni Neal ElAttrache, daktari mkuu wa Dodgers, mtu aliyejifunza kazi katika kliniki ya Kerlan na Jobe.

Ohtani alirudi kurusha Juni 2025. Oktoba 17 mwaka huo, katika mechi iliyoipeleka timu fainali, aliwatoa wapigaji 10 kwa mkono wake na akavusha ukuta mara tatu kwa gongo lake, jioni moja. Siku hiyo nadhani hata wenye haraka ya foleni walikaa.

Jobe hakuyaona hayo. Alifariki Machi 2014, akiwa na miaka 88. Julai 2013 Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli huko Cooperstown ulimpa heshima yake, na Tommy John alikuwapo. John mwenyewe, pamoja na ushindi 288, hajaingizwa humo mpaka sasa. Naona ni dhuluma ndogo yenye ukaidi mwingi.

Dhuluma kubwa iko kwingine. Upasuaji uliobuniwa kumwokoa mtu mzima aliyekwisha kurusha katika ligi kuu kwa miaka 11 sasa umekuwa wa vijana. Utafiti wa kitabibu uliochapishwa mwaka 2015, ukitumia takwimu za Marekani za 2007 hadi 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa na miaka 15 hadi 19. Utafiti mwingine, wa 2012, ulikuta wanafunzi wengi wa sekondari, karibu nusu ya waliohojiwa, wakiamini kwamba hata mkono mzima ungefaa kupasuliwa ili urushe kwa kasi zaidi. Si kweli. Anayerudi na kasi kubwa huwa ameipata kwa miezi 12 au 18 ya mazoezi ya mwili mzima, ambayo angeweza kuyafanya bila kukatwa.

Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji na ikataja chanzo bila kuzungusha: kila mtu anasaka kasi na mzunguko wa mpira, na kila mpira unarushwa kwa nguvu zote. Wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja ulikuwa kama kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulikaribia 152. Misuli ya binadamu inaweza kuzoezwa iongezeke. Kano la kiwiko halifuati kwa mwendo huo. Klabu tajiri zinaweza kuvumilia, kwa kuwa zina warushaji wa akiba na madaktari wa daraja la ElAttrache. Mtoto wa shule ana mkono mmoja wa kurushia na mzazi asiye na bima.

Na jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers hawahawa waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2018. Mawakala wa klabu wanaokuja huku huja na kifaa cha kupimia kasi, na kijana anayetafuta tiketi ya ndege atarusha mpaka kifaa kiseme namba inayotakiwa.

Walimu na makocha wa michezo, mnachohitaji ni daftari na kalamu. Ligi kuu na shirikisho la besiboli la Marekani wamekwisha kuweka mipaka ya mipira ya mechi kwa siku: 85 kwa mtoto wa miaka 11 na 12, 95 kwa wa 13 hadi 16, 105 kwa wa 17 na 18, na aliyefikia karibu na kikomo apumzike siku nne kabla ya kurusha tena. Mrushaji asigeuzwe mdakaji siku hiyohiyo, na kila mwaka apate angalau miezi miwili mfululizo ya kutorusha kabisa. Hesabuni kila mpira. Ukifika wa mwisho mtoeni, hata kama anakataa, hata kama wazazi jukwaani wanapiga kelele mumwache amalize.